Afande Apata Lindo

Du, du, du. Mkia kwenye ndoo tupu.

Chumba kilikuwa bado giza, lakini sauti ile iliniambia yote. Binti yangu ameamka. Hajajigeuza, hajakohoa, ni pumzi tu iliyobadilika, na mbwa amelijua hilo kabla yangu mimi niliyemzaa. Kila alfajiri ilikuwa hivyo: mtoto akifumbua jicho, kule mlangoni mkia unaanza kupiga ndoo.

"Mjomba, nyamaza. Mama amelala," akanong'ona.

"Mama hajalala. Mama anawaza huyo mjomba wako tumpeleke wapi."

Akanyamaza. Mkia nao ukanyamaza. Hao wawili walikuwa wakiwaka na kuzimika pamoja, kama taa za swichi moja.

Mwenye nyumba alikuwa amekuja jana yake jioni, akasimama kizingitini bila kuvua kofia. "Mama," akasema, "mimi nilipangisha watu. Sikupangisha meno."

"Haumi, baba. Hata kubweka habweki."

"Sasa ana faida gani?" Akamtazama mbwa, mbwa akamtazama. "Mwezi ukiisha naye bado yumo humu, naita watu wa manispaa. Na wale wakimjia mbwa hawaji na mfupa."

Chumba ni chake. Baba wa mtoto yuko barabarani akiendesha lori la mwajiri wake, huja kama mgeni na kuondoka kama mgeni, na hata angekuwepo asingeweza kumgeuza mwenye nyumba. Mbwa alitakiwa apate kwao kwingine, la sivyo anakufa. Hapakuwa na njia ya tatu.

Alikuwa mbwa mzima, wa rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, mvi mdomoni, ncha ya sikio moja imeliwa na sijui nini. Shingoni alikuwa na mstari usioota manyoya, pale mnyororo ulipokaa miaka. Binti yangu alimwita Mjomba kwa sababu, alisema, anapiga miayo kama mjomba wake. Mimi nilikuwa nalijua jina lake la zamani. Aliitwa Afande, na aliyempa jina hilo ndiye mtu niliyemchukia kuliko wote duniani.

Niliwahi kuwa dada wa kazi kwake. Mbele yake tulimwita Bosi. Jikoni tulimwita Mama Pete, kwa ajili ya pete moja nene yenye jiwe la kijani. Pete ile ndiyo iliyokuwa ulimi wake. Akitaka maji anagonga glasi. Akitaka chakula anagonga meza. Na jioni mfanyakazi akiaga, anagonga geti.

Ilikuwa hivi. Unafika getini, unaweka mfuko wako chini. Mama Pete anagonga chuma kwa pete mara mbili: ko, ko. Afande anainuka pale alipofungwa, anakuja na mnyororo wake unaburuzika, ananusa mfuko. Kama hauna chakula, anarudi kulala. Kama unacho, anakaa mbele yake, ametulia kama mkwe ukweni, anamtazama bosi usoni mpaka apewe biskuti. Basi hapo wewe umekwisha. Alimfundisha mwenyewe, tangu akiwa kitoto, na alijisifia hilo mbele ya wageni.

Binti yangu alikuwa bado ananyonya wakati ule. Mchana nilimwacha kwa jirani, na kifua kikijaa nilijifungia bafuni nikakamua maziwa kwenye chupa, nikaifunga kwa kitambaa kibichi isichache. Hiyo chupa ndiyo chakula cha mwanangu cha kesho nikiwa kazini. Siku nyingi Afande aliinusa akapita. Sijui siku ile alikuwa na njaa gani. Ko, ko. Akanusa. Akakaa.

Mama Pete akaitoa chupa, akaiinua juani. "Maziwa yangu ya friji."

"Ni yangu, Bosi. Ya kifuani."

Akacheka. Geti lilikuwa wazi, majirani wamesimama, hata muuza mboga alikuwa ametua kapu lake atazame vizuri. "Mbwa huyu hadanganyi," akasema, kwa sauti ya kuwasikizisha watu. Akafungua kifuniko, akaigeuza chupa polepole, hana haraka, mpaka tone la mwisho likaingia mchangani. "Haya, nenda ukaibe kwingine."

Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Maziwa yanazoleka. Mimi niliyazoa yote, nikayaweka moyoni, yakagandia humo.

Miaka ikapita. Nikapata kazi ya kupiga pasi kwa dobi, nikaanza masomo ya jioni, nikajiambia nimesahau. Kisha siku moja ya mvua nilitoka nyuma ya dobi kumwaga maji machafu, nikamkuta kwenye lundo la taka, mbavu zote nje, shingo ina kidonda. Niliwahi kusikia kwa mwenzangu wa zamani kwamba Mama Pete amenunua mbwa mpya, wa manyoya marefu, na yule mzee kapakiwa nyuma ya gari akatupwa. Kumbe ametupwa kwangu.

Nikaokota jiwe. Naapa nililiokota. Yeye akajikokota mpaka kwenye mfuko wangu, ambamo mlikuwa na mkate wangu wa mchana, akanusa. Akakaa. Akanitazama usoni, anangoja biskuti.

Mkono ulikataa. Huyu ndiye shahidi aliyeniponza, lakini sasa hivi na yeye alikuwa amemwagwa chini kama mimi. Jiwe likaanguka lenyewe. Nikampa mkate wote. Bosi wake sikumsamehe hata chembe.

Basi ndiye huyo niliyetakiwa kumtafutia kwao. Nilianza kazini. Shoga yangu wa meza ya pili ya pasi ana ua, ana ukuta, ana watoto wanaopenda wanyama.

"Mbwa mzima?" akasema, mvuke wa pasi umemfunika uso. "Shoga, mbwa mzima ni kama mume wa kuazima. Anakuja na tabia za kwingine."

"Ana tabia nzuri."

"Hata huyo mume ndivyo wanavyosema siku ya kwanza. Nitafutie kitoto."

Kila mtu alitaka kitoto. Mteja mmoja mwenye suti za kijivu alisema angemchukua kama angekuwa na miezi michache. Nikamwambia hata yeye hana miezi michache na bado mkewe anamlisha. Alicheka, lakini hakumchukua.

Aliyemchukua ni muuza nyama wa njia panda. Alikuja asubuhi mwenyewe, akampapasa kichwa, akasema duka lake limewahi kuvunjwa na anataka mlinzi. Binti yangu alilia mpaka shuleni. Mchana sijamaliza mashuka, namwona muuza nyama huyo anakuja, aproni ina damu, kamba mkononi, mbwa nyuma yake.

"Dada, mchukue mjomba wako."

"Kafanya nini? Kaiba?"

"Angeiba ningemwelewa! Kila nikigonga mfupa kwa panga, anatoka anakwenda kukaa mbele ya kikapu cha mteja. Ko, ko, anakaa. Ko, ko, anakaa. Mama mmoja kaniuliza, 'Siku hizi unatupekua?' Mwingine kumbe kashanunua maini kwa jirani yangu, kaficha chini ya mchicha, na huyu kamfichua mbele za watu. Dada, mimi nauza nyama. Sikufungua mahakama."

Tukacheka hata shoga yangu akaunguza kola. Halafu nikaacha kucheka. Nilikuwa nimeshika kamba, mbwa ananilamba vidole, na ndani ya kichwa changu kulikuwa na sauti moja tu. Ko, ko. Bado anakumbuka.

Shule ya binti yangu ndiyo hiyohiyo ninayosoma mimi jioni. Mchana madawati ni ya watoto. Jioni ni yetu sisi tuliochelewa, tunakaa magoti yakigusa ubao wa dawati. Na mkuu mpya wa jiko la shule, tangu mwanzo wa mwaka ule, alikuwa nani? Nilimwona siku ya kikao cha wazazi, amekaa mbele na walimu, anagonga meza kwa pete watu wanyamaze. Nilihisi kifua kinabana kana kwamba nina mtoto wa kunyonyesha.

Ijumaa ndiyo siku ya nyama. Wazazi tunachangia. Lakini binti yangu alinirudia Ijumaa baada ya Ijumaa na taarifa ileile: "Mama, leo ilikuwa siku ya nyama, ila nyama haikuja." Kwenye kikao kilichofuata nikasimama, nikauliza nyama huwa inakwenda wapi.

Mama Pete akatabasamu. "Mama yangu, nyama ikichemka sana huyeyuka kwenye mchuzi. Utamu wote wanaupata."

Watu wakaguna. Mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye miwani na haki nyingi mno, akasema asiye na ushahidi asimchafue mwenzake. Mama Pete akanitazama kutoka juu hadi chini. "Kwani wewe ni mama wa nani?" akauliza.

Hakunijua! Alinimwagia maziwa ya mwanangu akalala usingizi, akaamka, akasahau. Mimi nilikuwa nimembeba miaka yote hiyo kama mtu abebaye jiwe ndani ya kiatu, na yeye hakuwa na habari kwamba kuna mguu.

Basi niliporudishiwa mbwa na muuza nyama, nilijua pa kumpeleka.

Mlinzi wa shule tunamwita Mzee Filimbi, kwa sababu haongei na watoto ila kwa filimbi: mlio mmoja simama, milio miwili vuka. Anaishi hapohapo, kwenye chumba kidogo ubavuni mwa geti. Mkewe alishafariki. Jioni nikija darasani humkuta anaongea na redio, anaijibu kabisa. Nikampelekea mbwa.

Akamtazama meno, akamtazama shingo, akaingiza kidole kwenye ule mstari usio na manyoya, akasikitika. "Nani kamfunga hivi?"

"Mtu."

"Huyo mtu na yeye apate wa kumfunga." Akakaa kwenye kiti chake, mbwa akalala juu ya viatu vyake kana kwamba wameishi pamoja tangu ujana. "Macho yangu usiku hayaoni tena, mwanangu. Yeye masikio anayo, japo moja na nusu. Tutakuwa wastaafu wawili."

Mwalimu mkuu hakutaka. Mbwa na watoto? Mzee Filimbi akavua kofia, mimi nikaomba, binti yangu akamlaza mbwa chali akamkuna tumbo mbele ya miwani ya mwalimu. Mwisho akasema, "Nampa wiki moja. Akimsumbua mtu yeyote hapa, mzazi, mtoto au mfanyakazi, anaondoka, na simu ya manispaa nitapiga mimi mwenyewe."

"Asante, mwalimu," nikasema, na moyoni nikaona jinsi kamba ilivyo nyembamba. Ningeweza kuishia pale. Mbwa amepata paa, mzee amepata wa kuongea naye badala ya redio. Mama mwenye akili angesema alhamdulillahi akaenda zake. Jioni ile mtoto aliniuliza, "Mjomba atakaa kwa Mzee Filimbi siku zote?" nikamjibu atakaa, na wakati huohuo nilikuwa nawaza nitamfanyaje huyo mjomba afanye jambo linaloweza kumfukuzisha. Nilijiona. Sikuacha.

Siku ya kwanza kilinitokea kitu ambacho sikukitarajia. Nilikuja kumchukua binti, na Mama Pete akatoka jikoni, anapita. Mbwa akasimama. Nikajiambia sasa atanguruma, sasa atamrukia, damu ikanienda mbio kwa furaha. Akatikisa mkia. Alimwendea mwili mzima unatikisika, masikio yamelala, kama mtoto aliyemwona mamaye sokoni. Mimi ndiye niliyekuwa na kinyongo. Yeye alikuwa na mkia tu.

Mama Pete akasita. Macho yake yakaenda shingoni kwa mbwa, yakakaa pale kidogo, yakaondoka. "Mzee," akasema, akivuta gauni lake, "nitolee hili jibwa." Akapita getini, ambalo lilikuwa wazi.

Hapo nilielewa mambo mawili. Kwamba amemtambua. Na kwamba geti likiwa wazi hatagonga kamwe.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu kwa upole wote wa mama. Nikamwambia wakati wa kutoka watoto wanakimbia moja kwa moja barabarani, malori hayana breki za huruma, mume wangu mwenyewe ni dereva na hunieleza. Nilisema kweli tupu, na kila neno lilikuwa mtego. Kwa nini geti lisifungwe, mtu akitaka kutoka abishe, mzee amfungulie?

"Wazo zuri sana," mwalimu akasema. "Laiti wazazi wote wangekuwa kama wewe."

Siku zilizofuata watu wakabisha. Walimu waliita, "Mzee!" Wazazi walipiga geti kwa kiganja. Mbwa hata sikio hakuinua. Mama Pete alitoka mikono mitupu, akapita nyuma ya wengine geti likiwa bado halijafungwa. Kazini niliipiga pasi shuka moja mara tatu. Shoga yangu akaniuliza kama nina mimba.

Ijumaa niliomba ruhusa, nikafika mapema. Nilisimama ndani ya uwanja, karibu na kiti cha mzee. Mwalimu mkuu alikuwa pale kama kawaida yake, anaaga watoto. Mzee Filimbi alikuwa nje barabarani, amesimamisha magari, filimbi mdomoni, anavusha kundi la darasa la kwanza. Geti amelifunga nyuma yake kwa komeo la nje. Wazazi walikuwa wamejaa upande wa pili, wanachungulia kupitia nondo. Binti yangu alikuwa amekaa chini kivulini, mbwa amemlazia kichwa mapajani.

"Leo mlikula nini?" nikamuuliza.

"Wali na mchuzi."

"Na nyama?"

"Haikuja."

Mama Pete akatokea jikoni. Alikuwa na kikapu kikubwa, kimefunikwa kwa kanga, na mwili wote umepinda upande mmoja kwa uzito. Akafika getini, akakitua, akanyoosha mgongo. "Mzee! Mzee wee!" Mzee kule nje ana filimbi mdomoni na lori mbele yake, hasikii. Mama Pete akapiga ulimi kwa hasira. Akainua mkono.

Ko, ko.

Sikio moja na nusu likasimama. Mbwa akainuka mapajani kwa mtoto, taratibu, kama mzee aliyeitwa kazini baada ya likizo ndefu. Akaenda. Akanusa kikapu upande huu, akanusa upande ule. Akakaa mbele yake. Kisha akamtazama Mama Pete usoni, na mkia ukaanza kupiga bati la geti. Du, du, du.

"Toka," Mama Pete akasema kati ya meno.

Hakutoka. Alikuwa anangoja biskuti.

"Kuna nini hapo?" mwalimu mkuu akauliza.

"Ni mbwa wenu huyu! Kanizibia njia. Mimi nilijua tu, mbwa na chakula cha watoto wapi na wapi? Siku moja atang'ata mtu hapa."

Mwalimu akavua miwani. Mzee Filimbi alikuwa ndiyo kwanza anaingia, anahema. "Mzee," mwalimu akamwambia, "nilisema asimsumbue mtu. Leta kamba."

Uso wa mzee ulizeeka pale pale. Hakubisha. Akaingia chumbani mwake, akatoka na kamba, anaitembeza mkononi kana kwamba hajui mwisho wake uko wapi. Binti yangu alikuwa ameshamkumbatia mbwa shingoni, juu kabisa ya ule mstari.

"Mwalimu," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, "kabla ya kamba, muulize kwanza mbwa amekaa hapo kwa nini."

Kule nje kwenye nondo watu wakacheka.

"Hajamzibia mtu njia. Amefundishwa. Ukigonga chuma hivyo mara mbili, ananusa mzigo. Ukiwa na chakula, anakaa. Na aliyemfundisha ndiye huyo aliyegonga."

"Mimi?" Mama Pete akashika kifua. "Mimi nijuane na mbwa wa jalalani? Mwalimu, huyu mama ana wazimu, simjui mbwa huyu hata kwa dawa!"

Mbwa alisikia sauti ile imepanda. Labda zamani ikipanda hivyo ndipo biskuti ilipokuwa inakuja. Akainua mguu wa mbele, akauweka kwenye gauni lake.

"Afande, shuka!" akafoka.

Mguu ukashuka mara moja.

Mzee Filimbi akaacha kuitembeza kamba. "Afande?" akasema polepole. "Hapa sisi tunamwita Mjomba. Nani kakuambia anaitwa Afande?"

Nikasogea mpaka nikawa mbele yake, karibu kiasi cha kunusa mafuta yake ya nywele, yaleyale. "Na mimi hunijui?" nikamwambia. "Chupa ya maziwa. Getini kwako. Uliimwaga chini watu wakitazama, ukasema mbwa huyu hadanganyi. Haya, Bosi. Leo anasema nini?"

Nikaona anakumbuka. Ilianzia machoni ikashuka mdomoni, na mdomo ukabaki wazi. Nisiseme uongo: ilikuwa tamu. Miaka yote niliyoingoja, ilinilipa kwa mara moja.

"Fungua kikapu," mwalimu mkuu akasema.

"Ni mabaki tu, mwalimu."

"Tuyaone hayo mabaki."

Hakuinama. Niliinama mimi, nikavuta kanga. Juu kulikuwa na masufuria mawili matupu ya kuzugia, na chini yake mfuko mzito wa plastiki, na ndani ya mfuko nyama mbichi, nyekundu, haijawahi kuona moto wala mchuzi. Kando yake, dumu la mafuta ya shule.

"Kumbe haiyeyuki!" mama mmoja akapiga kelele kutoka kwenye nondo. "Inatembea!"

Kicheko kilichopasuka hapo kilimfanya Mama Pete ajifunike uso kwa mkono, na ile pete ya kijani ikawa ndiyo kitu pekee kinachoonekana.

Mwalimu mkuu hakucheka. Akavaa miwani yake. "Mzee, kamba irudishe ulikoitoa. Huyo amepata lindo hapa." Kisha akamgeukia Mama Pete. "Wewe tutakwenda ofisini."

Ilitakiwa niridhike. Mbwa amepata kwao, mbele ya mashahidi tele. Lakini mfuko wa nyama ulikuwa mikononi mwangu, na mikono yangu ilikuwa na jambo lake. Nikauinua juani, kama yeye alivyoinua chupa. Nikafungua mdomo wa mfuko.

"Nitazame," nikamwambia. "Toa mkono usoni, unitazame."

Akatoa. Nikaanza kuinamisha mfuko polepole, sina haraka, juu ya vumbi la geti lenye alama za viatu vya watoto. Nilitaka aone kitu kinavyoanguka chini na mtu asikiokote. Nilitaka asikie sauti yake. Maji ya damu yakatangulia, tone moja, la pili, mbwa akayatazama na hakuyagusa, kwa sababu alikuwa kazini. Hakuna aliyenizuia. Hata mwalimu alikuwa amesimama tu. Nyama ikateleza ndani ya plastiki, ikafika ukingoni.

Binti yangu akaniangalia kutoka pale chini, mikono yake bado shingoni kwa mbwa.

"Mama, usimwage, hiyo nyama ni yetu."